Nafaka ya Ihanja Iliyolala Iguguno

Ihanja,
3 Machi 1975

Kwa mpwa wangu Ezekieli,

Nimekuficha jambo tangu ukiwa mtoto wa kaptula, na ningezikwa nalo kama watu wa ofisi yenu wasingelivunja kwa rungu. Ile nafaka mliyoikuta Iguguno, nyumbani kwa mjane Stumai, si yake. Si ya mtu yeyote wa Iguguno. Ni yetu sisi wa Ihanja, na mimi mjomba wako ndiye mkubwa wa jambo hilo tangu lilipoanza.

Sasa umejua. Mfungueni yule mama.

Nakuandikia bila kupamba kwa sababu sina muda. Dresa wetu wa zahanati ameacha kunipa dawa ya kifua. Siku hizi ananishika mkono tu, ananiuliza kama nimelala vizuri. Nilifundisha shule maisha yangu yote. Najua mtu anavyotazamwa akishakatiwa tamaa.

Sikiliza basi. Baada ya njaa ile ya mwaka wa Uhuru, watu wa sehemu tatu tulikubaliana: Ihanja, Iguguno na Nduguti. Kila mavuno, kila nyumba inatoa sehemu ya uwele na mtama. Unatiwa ndani ya vilindo, yale mapipa yetu ya magome ya mti, na midomo inazibwa kwa mavi ya ng'ombe. Lakini hakuna anayekaa na cha kwake. Cha Ihanja kinalala Iguguno. Cha Iguguno kinalala Nduguti. Cha Nduguti kinalala hapa kwetu. Njaa ikija, kila mmoja anaifuata akiba yake kwa mwenzake, anaikuta nzima. Tumefanya hivyo Wanyaturu na Wanyiramba, Wakristo na Waislamu, bila muhuri, bila mwenyekiti wa kukata utepe, bila padri wa kutuonyesha njia. Hatukuwaambia wakubwa, kwa kuwa kitu kikishajulikana kwamba kipo, hakikawii kuombwa mchango.

Ninyi mmekuja na mgambo na lori. Mmemkuta mama mmoja na vilindo vimepangwa mpaka kwenye boriti za tembe yake, mkamwita mlanguzi. Mlanguzi! Mwanamke mwenye kaniki moja, akiifua anajifungia ndani mpaka ikauke! Hamkuona hata haja ya kumuuliza kwa adabu. Mmemswaga barabarani mbele ya wakwe zake kama mbuzi wa mnada.

Hapa kwetu tumezika watoto watatu. Mmoja wa Luciana, mmoja wa Gabrieli, mmoja wa Theresia. Unawajua wazazi wao wote, umecheza nao. Nafaka ya watoto hao iko kwenye ghala lenu, na sahihi iliyoichukua, nimeambiwa, ni yako.

Salamu zako za Krismasi nilizipata. Sasa sitaki salamu. Nataka nafaka irudi na Stumai arudi.

Mjomba wako,
Yohana Mughwai


Singida,
11 Machi 1975

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenikuta ofisini, nikaisoma nimesimama. Nimeisoma tena nyumbani. Sikasiriki. Nakujibu kama ulivyonifundisha, jambo kwa jambo.

Sahihi ni yangu. Amri haikuwa yangu, lakini sijifichi nyuma ya hilo.

Nafaka haiwezi kurudi. Imeliwa. Unajua ile operesheni ya kuhamia vijijini. Karibu na Iguguno watu walishushwa kwenye kijiji kipya mvua zikiwa zimekaribia, hawana jembe, hawana mbegu, hawana paa. Hawakupanda chochote. Nilikwenda mwenyewe, Mjomba. Niliwakuta wanachemsha mlenda mtupu, na mama mmoja ananikaribisha, "Karibu bwana mkubwa, leo tumepika nyama," kisha anacheka mpaka anashika ukuta. Chakula cha msaada hakikuwa kimefika. Tulipoletewa habari kwamba kuna vilindo vimejaa nyumbani kwa mtu, nilitia sahihi mara moja. Ningetia tena. Wameshakula, siwezi kuwatapisha.

Kuhusu Stumai. Ameshitakiwa kwa kuficha chakula wakati wa njaa. Yuko mahabusu. Mimi naamini ulivyoniambia, lakini yeye hasaidii. Aliulizwa nafaka ni ya nani, akajibu, "Ya wenyewe." Akaulizwa wenyewe ni nani, akajibu, "Wenye viganja." Askari alidhani anamtukana, akaandika kwamba mshitakiwa ni jeuri.

Mjomba, nikuulize jambo moja nami unijibu. Nilikuwepo siku vilindo vilipofunguliwa. Vilikuwa vimejaa hadi mdomoni, havijaguswa. Ilikuwa mwezi wa pili, ukielekea mwisho. Mama yangu ameniambia kwamba Ihanja mmeanza kuchimba mizizi tangu kabla ya Krismasi. Kama ile ni akiba ya njaa, na njaa ndiyo hii, kwa nini ilikuwa imejaa?

Siulizi kwa ubaya. Mwendesha mashitaka atauliza hilo hilo.

Usiwaambie watu kwamba umeniandikia. Kwa afya yako ilivyo, sitaki mgambo waje kukusimamia mlangoni.

Mpwa wako,
Ezekieli


Ihanja,
19 Machi 1975

Ezekieli,

Waje! Waje wanisimamie mlangoni, angalau nitapata wa kunichotea maji.

Unaniandikia kwamba watu wale walikuwa na njaa. Nani aliwatia njaa? Walikuwa na mashamba yao, na vihenge vyao, na mahali walipojua mvua inaanzia. Mkawabeba kwenye lori msimu wa kupanda, mkabandika bango la Kilimo cha Kufa na Kupona juu ya mti usio na kivuli. Kisha mlipoona wanakufa mkatafuta wa kulaumiwa, mkampata mjane. Sisemi wasile. Mtu mwenye njaa ale. Nasema mlichukua kwa mkono huu mkawapa kwa mkono huu, mkapiga picha, mkaondoka, na nyuma yenu mkaacha sisi hatuna kitu na mama wa watu yuko ndani. Wizi ukifanywa na mtu mwenye kalamu mfukoni unaitwa ugawaji.

Hujui viganja ni nini? Wewe ni mtoto wa nani?

Ng'ombe wa babu yako walikuwa wapi? Wawili zizini kwake, wengine wote kwa watu. Huku mmoja, kule wawili, mpaka Iramba. Aliyeshika ng'ombe wa mwenzake anakunywa maziwa, anamtunza, na akiulizwa na mpita njia anasema, "Ng'ombe ni wa mwenyewe," basi. Hamtaji. Ukimtaja umemuuza. Na mwenye ng'ombe haendi kumdai. Akienda kudai ni kama anasema wewe ni mwizi. Aliyeshika ndiye anayemwita: "Njoo umtazame mnyama wako." Hapo mwenye mali anakwenda kichwa kikiwa juu. Sisi tulichukua desturi hiyo tukaitia kwenye nafaka.

Nakumbuka siku tuliyokubaliana, Iguguno. Tulikuwa tumekonda wote, nguo zinatuzunguka kama za kuazima. Stefano wa Nduguti, mcheshi yule, alisema, "Mimi nikikaa na kilindo changu nyumba moja nakosa amani. Watoto wanakitazama kilindo, kisha wananitazama mimi. Mke wangu hata hatazami kilindo, ananitazama mimi tu." Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema basi tujenge ghala moja kubwa, tuweke kufuli. Stefano akamwuliza, "Na ufunguo akae nao nani, wewe? Na tumbo lako hilo?"

Stumai alikuwa ameolewa karibuni tu, amekaa na wanawake. Akasema pale pale alipokaa, "Leteni kwangu. Cha kwangu nitakimega kila mtoto akilia. Cha mgeni nitaona haya."

Hilo ndilo lililotuongoza. Kila mwaka wanawake wa Ihanja wanapanda na punda mpaka Iguguno. Kilindo kikishazibwa, mwenye nacho anaweka kiganja chake kwenye mavi yale mabichi, anabonyeza. Yakikauka, alama ya mkono wake inabaki. Hakuna mwingine wa kukifungua. Sasa unajua wenye viganja ni nani. Ni Luciana, ni Theresia, ni mama yako Sara. Kiganja cha mama yako kilikuwepo pale, cha pili kutoka mlangoni, na mgambo wako amekipiga rungu.

Na nikwambie jambo la mwisho, ujue mmewaita walanguzi watu wa namna gani. Nyumba ya Luciana ndiyo inayotunza nafaka ya Nduguti. Alikuwa nayo humo ndani, imejaa, nayo njaa imembana. Mtoto alilala akikohoa ubavuni mwa kilindo. Luciana hakuvunja. Aliwaita wenyewe. Mwezi wa kwanza wakaja na punda wao, wakafungua, wakampa fungu la mtunzaji, wakapakia, wakaenda. Akawasindikiza mpaka barabarani. Mtoto wake akafa wiki ile ile. Mtafutieni huyo naye kifungu cha sheria.

Unauliza kwa nini vilindo vyetu vilikuwa vimejaa. Nimeshakueleza desturi. Mtu hafuati akiba mpaka aitwe. Hatukuwa tumeitwa.

Mama yako ananiuliza umeandika nini. Namwambia unasalimu.

Yohana Mughwai


Singida,
28 Machi 1975

Mjomba, shikamoo.

Kiganja cha mama sikukijua. Nimekaa na neno hilo siku hizi zote.

Nimekwenda mahabusu kumwona Stumai. Niliomba ruhusa kama mtu wa ofisi, nikaingia kama mtoto wa Sara. Nilimwamkia. Alinitazama, akasema, "Marahaba. Wewe ndiye uliyechukua?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Mimi."

"Uwele ulikuwa mzuri?"

"Walioula walisema mzuri."

"Haukuwa na wadudu," akasema. "Niliutia majivu. Waambie haukuwa na wadudu."

Nikamwambia kwamba wewe umenieleza yote, hana haja ya kunyamaza tena. Nikamwomba aseme mahakamani kwamba nafaka ni ya Ihanja. Akasema, "Kama Mwalimu amekwisha kusema, mimi niongeze nini?" Nikamwuliza kwa nini hakuwaita watu wa Ihanja waje wachukue. Hapo akainamisha kichwa, akaanza kukwaruza sakafu kwa kidole. Nikauliza tena. Akasema, "Mwulize mjomba wako." Nikasema, "Nimemwuliza. Ameandika kwamba hukuwaita." Akaacha kukwaruza sakafu. Kisha akasema, "Amekwisha kusema, basi," akageuka ukutani.

Mjomba, nikueleze jambo lilivyo sasa, kwa sababu limegeuka.

Kesi itasikilizwa tarehe 16 Aprili. Nimeamua kusimama upande wake. Nitasema mbele ya hakimu kwamba nafaka haikuwa yake na kwamba nilitia sahihi bila kuchunguza. Mkubwa wangu ameshanionya. Huenda nikarudi Ihanja kulima, na pengine itakuwa vizuri. Lakini ushahidi wangu hautoshi. Mwendesha mashitaka amekubali kwamba huenda nafaka ni ya Ihanja. Anasema hilo ndilo linaloharibu zaidi. Wenye nafaka wanakufa, yeye anakaa nayo imejaa, hawaiti. Anasema alikuwa akiwangojea wafe ili aiuze. Na amepata mashahidi. Luciana amekubali kuja. Amesema atakuja kwa miguu kama hapana basi. Maneno yake yaliandikwa hivi: "Mimi niliwaita wa Nduguti, mtoto wangu akiwa mgonjwa. Yeye hakuniita. Namlaani." Theresia amesema hivyo hivyo.

Kwa hiyo neno lako, "hatukuwa tumeitwa," ambalo uliliandika ukimtetea, ndilo litakalomfunga.

Wewe ndiye mkubwa wa jambo hili, umeandika mwenyewe. Mwito wa Stumai ungepita kwako. Nakuuliza mara ya mwisho, kwa heshima yote. Aliita au hakuita?

Mpwa wako,
Ezekieli


Mahabusu,
2 Aprili 1975

Kwa Mwalimu Yohana,

Shikamoo Mwalimu. Barua hii inasomwa na askari kabla yako, kwa hiyo na yeye namsalimia. Hajambo.

Mwandiko ni wangu mwenyewe. Nimejifunza kwenye darasa la watu wazima. Ungekuwa ndiwe mwalimu wetu ungenipa makosa, lakini yule kijana alisema nasomeka.

Mimi ni mzima. Humu ndani wananiita Bibi Ghala. Juzi mwenzangu mmoja aliniomba nimkopeshe debe mbili. Tulicheka sana.

Mwalimu, nimesikia unaumwa. Pole. Nimesikia pia habari za watoto waliokufa, na kwamba Luciana ananilaani. Huyo Luciana ndiye kila mwaka aliyekuwa akilala kwangu mkeka mmoja. Nimeumia kwa hilo kuliko kwa mgambo. Mgambo ni watu nisiowajua.

Nimeulizwa kama niliwaita. Sikujibu. Mtunzaji hasemi habari za mwenye mali mbele ya watu, hayo tulikubaliana mbele yako. Mwenye mali ndiye anayesema. Nimewaambia aulizwe yeye. Sasa nimeambiwa umeulizwa, na umejibu.

Sitasema neno lolote juu ya jibu lako. Hakimu akinifunga nitafungwa. Lakini mimi sitatunza tena nafaka ya mtu, Mwalimu, wala sitamwachia mwanangu desturi hiyo. Waambie wenzako wa Ihanja watafute nyumba nyingine.

Nakutakia afya.

Mimi,
Stumai


Ihanja,
10 Aprili 1975

Kwa mpwa wangu Ezekieli, na kwa hakimu atakayesikiliza kesi,

Nimekataa kufa wiki hii. Dresa ameshangaa. Nimemwambia nina barua.

Nikiulizwa nani alitukosea, nasema bado ni ninyi. Sitafuti kuwafunika kwa hili nitakalosema. Mliwahamisha watu kwa lori na kuwaacha wazi. Mliona nafaka nyingi kwenye nyumba ya maskini, na badala ya kuuliza ni utu gani umeikusanya pale, mkauliza ni wizi gani. Mmevunja kwa asubuhi moja kitu ambacho hakuna ofisi ingeweza kukijenga, na hata sasa ninapoandika hakuna mkubwa aliyekuja kusema samahani kwa mtu yeyote. Hayo yaandikwe, nami nayatia sahihi.

Sasa yangu.

Ezekieli, uliniandikia wakati wa Krismasi kwamba chakula cha msaada kinakuja Ihanja mwezi wa kwanza, mahindi ya njano, na kwamba umeona kwa macho yako jinsi kilivyopangwa. Nilikuamini. Mimi ninayeitukana serikali kila jioni nilikaa nikiingojea. Nilijiambia, kwanza tule cha serikali, chetu kibaki. Niliikumbuka njaa ya mwaka wa Uhuru, jinsi watu walivyokula akiba mapema na kufa mwezi wa tatu, mtama ukiwa unachanua. Nikasema safari hii hatutafanya ujinga ule. Lori lilikuja moja, likaenda kwenye kijiji kipya cha upande huu, halikusimama kwetu. Hata hapo nikasema tungoje, litakuja la pili.

Hizo ndizo sababu ningezitoa mbele ya watu. Iko nyingine. Mimi nilikuwa napenda kujua kwamba vile vilindo vimejaa. Mke wangu alishakufa, shule nimeacha, sina mtoto. Nikichimba mizizi na wenzangu, nikiumwa na kifua, nilikuwa nawaza Iguguno, vilindo vimepangwa, vyote vimezibwa, hakuna kilichoguswa, na moyo unatulia. Sikuwa nawaza nani atakula. Nilikuwa nawaza vimejaa. Nilipokuwa kijana nilianzisha jambo hili ili watu wasife, na nilipozeeka nikalitunza lenyewe, nikawasahau watu.

Luciana alinijia baada ya wa Nduguti kupakia punda wao. Alikuwa bado na vumbi la barabara miguuni. Akasema, "Mwalimu, wenzetu wamekuja kuchukua chao. Sisi tunangoja nini?"

Nikasema, "Stumai hajaita."

Akasema, "Stumai? Hawezi kutunyima. Nimpelekee ujumbe?"

Nikasema, "Utakwenda kumdai kama mwizi? Desturi huijui? Kaa nyumbani, utunze mtoto."

Akakaa nyumbani. Ni mwanamke mwenye adabu. Akaniitikia, "Sawa, baba."

Nilipoketi kuandika barua yangu ya tarehe 19 nilikuwa nimekwisha kuusema uongo huo mara nyingi hapa kijijini hata kalamu haikusita. Nilidhani namtetea Stumai kwa kuficha langu. Nilipoisoma barua yake, yenye makosa mawili tu ya mwandiko, nikaona kwamba yeye alinyamaza kuniheshimu na mimi nikasema kumfunga.

Kwa hiyo naomba mambo haya yaingie kwenye kesi. Stumai hakuficha nafaka. Stumai hakuuza hata kibaba. Luciana na Theresia wanasema kweli kwamba wao hawakuitwa, kwa sababu mwito huja kwa mkubwa, na mkubwa ni mimi. Aitwe Paskali, muuza chumvi, anayepita na punda kati ya Iguguno na kwetu. Hakuna aliyemwuliza. Yeye ndiye aliyeleta maneno ya Stumai na kunipa sikioni, kama inavyotakiwa. Mara ya kwanza ilikuwa kabla ya Krismasi: "Njooni mtazame vyenu." Mara ya pili ilikuwa mwezi wa kwanza, wa Nduguti wakiwa bado hapa wanafungua vyao. Safari hiyo Stumai aliongeza, "Mwambie Mwalimu naona watu wakipita njiani wamevimba miguu. Aje upesi."

Kwa Paskali nilijibu maneno haya: "Mwambie asubiri. Nitamwambia mimi." Wala sikumwambia kitu, mpaka lori lenu lilipofika.

Barua hii anakuletea Gabrieli. Sijamwambia kilichomo. Nimejaribu asubuhi hii, akanitengenezea mto, nikashindwa. Isomeni kwa sauti mahakamani, naye akiwemo, na Luciana akiwemo, na Theresia. Msiruke kitu.

Siku ile Paskali aliponiletea mwito wa pili, watoto wote watatu walikuwa hai.

Yohana Mughwai